Nuru Iliyotuama: Historia ya Wazo Moja katika Elimu ya Mawimbi, na Neno la Kulieleza

Makusudi ya makala haya ni mawili. La kwanza ni kueleza, kwa kufuata miaka, jinsi wataalamu walivyopata kutambua kuwa nuru ikiingia katika matabaka mengi ya vitu viangavu, yaliyopangwa bila utaratibu wowote, yaweza kukoma kwenda mbele ikabaki mahali pamoja, ingawa hapana kitu cha kuimeza wala ukuta wa kuizuia. La pili ni kuuliza ni kitenzi gani cha Kiswahili kifaacho kulieleza jambo hilo. Mambo haya mawili hayatengani. Historia yenyewe itaonyesha ya kuwa watu wenye vyombo bora na elimu pana walikosea njia mara mbili, si kwa uvivu wala kwa kukosa hesabu, bali kwa sababu hali tatu zilizo mbalimbali huonekana machoni kama hali moja: nuru iliyomezwa, nuru iliyokawia, na nuru iliyotuama. Lugha isiyozipambanua hali hizo tatu haitaweza kuifundisha elimu hii kwa ukweli.

Tuanze na rundo la vioo. Mwaka wa 1862 George Gabriel Stokes, mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, aliwasilisha mbele ya Royal Society ya London makala juu ya kiasi cha nuru kinachorudishwa na kiasi kinachopitishwa na vioo vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Uso mmoja wa kioo cha kawaida, nuru ikiupiga wima, hurudisha kadiri ya sehemu 4 katika 100 na kupitisha zilizobaki. Kioo kimoja kina nyuso mbili. Kwa hiyo hurudisha karibu sehemu 8 na kupitisha karibu 92. Vioo vikiwa vingi, nuru inayorudishwa na cha pili hurudishwa tena na cha kwanza, ikaenda mbele mara nyingine, na mambo yakaendelea hivyo bila mwisho. Stokes aliyajumlisha marejeo hayo yote. Tukiifuata njia yake, na tukichukulia kuwa kioo hakifyonzi nuru hata kidogo, vioo 10 hupitisha zaidi kidogo ya nusu ya nuru iliyoingia. Vioo 100 hupitisha kadiri ya sehemu 11 katika 100. Na vioo 200 hupitisha karibu sehemu 6. Giza, basi, huongezeka polepole, kwa kadiri ya idadi ya vioo.

Yafaa kutazama Stokes alijumlisha nini. Alijumlisha viasi vya nuru, kama mfanyabiashara ajumlishavyo magunia: gunia hili na lile ni magunia mawili, wala gunia halifuti gunia. Lakini nuru ni wimbi, na jambo hilo lilikwisha kuthibitishwa na Thomas Young katika Uingereza na Augustin Fresnel katika Ufaransa mwanzoni mwa karne ile ile. Wimbi likikutana na wimbi, kilele juu ya kilele, hupatikana wimbi kubwa zaidi; kilele kikikutana na bonde, yote mawili huweza kutoweka. Stokes hakuwa mjinga wa elimu hiyo. Alikuwa mmoja wa mabingwa wake. Hesabu yake yafaa kwa vioo ambavyo mawimbi yake yamekwisha kupotezana hatua, kama vile vioo visivyokaa sambamba au vyenye nyuso zenye mawimbimawimbi. Ila ilibaki haijulikani mambo yangekuwaje kama mawimbi yangeachwa yakumbukane.

Upande wa matabaka yenye utaratibu ulifanyiwa kazi mapema. Mwaka wa 1885 Stokes huyo huyo alieleza habari za fuwele fulani za kloreti ya potasi zilizorudisha rangi moja kwa ukali wa kustaajabisha. Miaka mitatu baadaye Lord Rayleigh alionyesha kuwa sababu ni matabaka membamba mengi ndani ya fuwele, yanayorudiwa kwa nafasi zilizo sawa. Na mwaka wa 1917 alitoa hesabu kamili ya nuru inayorudishwa na matabaka ya namna hiyo. Fikira yake ni nyepesi kushika. Kila tabaka hurudisha kidogo tu, lakini nafasi zikiwa sawa, mawimbi yanayorudi huenda kwa hatua moja kama askari gwarideni, na kidogo kidogo kikawa kingi. Rangi ambayo urefu wa wimbi lake umelingana na nafasi hizo hurudishwa karibu yote. Rangi nyingine hupita. Mtu aliyesoma haya angeweza kukata shauri kwamba utaratibu ndio mama wa marejeo, na kwamba ukiuharibu utaratibu, askari watapotezana hatua na nuru itapita. Shauri hilo lingekuwa kosa. Na aliyefungua njia ya kulitambua hakuwa akishughulika na nuru hata kidogo.

Mtu huyo alikuwa Philip Warren Anderson, aliyefanya kazi katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani. Mwenzake George Feher alikuwa akipima silikoni iliyotiwa fosforasi kidogo, na vipimo vikaonyesha kwamba hali za elektroni zilizotazamiwa kusambaa upesi hazikusambaa. Zilikaa zilipo kwa muda mrefu mno. Machi 1958 Anderson alitoa hesabu yake katika jarida la Physical Review. Kabla yake ilifikiriwa kuwa elektroni katika kitu kisicho na utaratibu hutembea kama mlevi: hugonga hapa, hugeuka pale, lakini muda ukizidi huwa amefika mbali. Vikwazo vikiongezeka, mwendo hupungua, ila haukomi. Anderson alionyesha kuwa si hivyo. Kwa kuwa elektroni nayo ina tabia ya wimbi, ukosefu wa utaratibu ukipita kadiri fulani, mwendo haupungui tu, bali haupo kabisa. Wimbi hubaki karibu na lilipoanzia, na nguvu yake hupungua upesi kwa kila hatua mtu aendayo mbali na mahali hapo.

Wasomaji wa jarida hili watapenda kujua ya kuwa kichwa cha makala yale ya 1958 hakina neno la kunasa, wala kufunga, wala kuweka mahali. Kinasema tu kwamba msambao haupo katika aina fulani za mipangilio ya kinasibu. Jina ambalo leo latumika ulimwenguni, lenye asili katika neno la Kilatini la mahali, lilienea baadaye. Mwanzoni, basi, jambo lenyewe lilielezwa kwa kukanusha: lilitajwa kwa kile kisichotokea.

Makala hayo hayakupokewa kwa shangwe. Anderson mwenyewe, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1977 pamoja na Nevill Mott na John Van Vleck, alikumbusha kuwa mwanzoni waliomwamini walikuwa wachache sana. Lakini kazi iliendelea. Mwaka wa 1961 Mott na W. D. Twose walieleza kwamba katika mstari mmoja, yaani mahali ambapo wimbi haliwezi kwenda ila mbele au nyuma, ukosefu wa utaratibu hata ukiwa mdogo namna gani hutosha kulituamisha wimbi, mradi mstari uwe mrefu. Mwaka wa 1963 Hillel Furstenberg, mtaalamu wa hesabu tupu, alithibitisha nadharia juu ya kuzidisha jedwali za kinasibu ambayo ndiyo msingi imara wa jambo hilo. Mwaka wa 1979 Elihu Abrahams, Anderson, Donald Licciardello na T. V. Ramakrishnan walitoa kanuni ya jumla: katika mstari, na hata katika bapa, mawimbi ya namna hii hutuama yote, katika nafasi yenye urefu, upana na kina, yapo mapambano, na ni ukosefu mkubwa wa utaratibu peke yake unaoweza kushinda.

Hapo ndipo nuru iliporudi katika habari. Ikiwa sababu ya jambo hili ni tabia ya wimbi, kwa nini liwe la elektroni peke yake? Mwaka wa 1984 Sajeev John aliitoa fikira hiyo kwa mawimbi ya nuru, na mwaka wa 1985 Anderson akaandika makala akiuliza kama rangi nyeupe ya ukutani ingeweza kuwa mfano wake. Lakini nuru si elektroni. Elektroni yaweza kufungiwa katika shimo la nguvu, kama jiwe lililoanguka kisimani. Kitu kiangavu hakina shimo la namna hiyo kwa nuru. Tena, wimbi likiwa refu mno kuliko chembe zinazolitawanya, halizijali. Likiwa fupi mno, huenda kama mshale na kufuata kanuni za miali. Nafasi ya kutuama imo katikati, wimbi na chembe vikiwa vya kadiri moja, na ni nafasi nyembamba. Mwaka huo wa 1985 makundi mawili, Meint van Albada na Ad Lagendijk huko Amsterdam, na Pierre-Etienne Wolf na Georg Maret huko Grenoble, yalipima dalili ya kwanza: nuru inayotawanywa na uji wa chembe nyeupe hurudi kwa wingi zaidi kuelekea pale pale ilipotoka, wingi unaokaribia mara mbili. Dalili hiyo ilionyesha kuwa mawimbi hayasahauliani hata baada ya kugongwa mara nyingi. Lakini ni kivuli cha jambo, si jambo lenyewe.

Katika matabaka shida ya nafasi nyembamba haipo, maana nuru inayokwenda wima katika matabaka yaliyo sambamba imo katika mstari mmoja: ni mbele au nyuma tu. Mwaka wa 1997 Michael Berry na Susanne Klein wa Bristol walilirudia rundo la Stokes, badala ya vioo wakatumia karatasi za plastiki angavu za kuonyeshea maandishi darasani. Unene wa karatasi kama hizo haulingani kabisa kwa kipimo cha wimbi la nuru. Basi kwa nuru ni matabaka ya kinasibu. Walieleza kuwa hesabu ya miali hukosea, na kwamba nuru ipitayo hupungua kwa kuzidishwa, si kwa kugawanywa na idadi ya karatasi.

Sababu yake yaweza kuelezwa bila hesabu ndefu. Wimbi linalorudi na kurudi kati ya nyuso mbili mara humwongezea mwenzake nguvu, mara humpunguzia. Ni kipi kitatokea hutegemea nafasi iliyopo kati yao, na nafasi hiyo ni ya kinasibu. Tukichukua wastani wa logi za nguvu hizo, nyongeza na upungufu hufutana sawasawa. Kinachobaki ni kuzidisha: kila uso huchukua sehemu yake 4 katika 100 ya kile kilichoufikia, na marejeo ya ndani hayasaidii chochote. Kwa Stokes marejeo ya ndani daima husaidia, kwa kuwa gunia halifuti gunia. Kwa mawimbi msaada wake ni bure. Matokeo yake ni makubwa. Chukua vioo vyetu 100 vyenye nyuso 200, nuru ya rangi moja safi, na unene wa kinasibu. Stokes angetazamia sehemu 11 katika 100. Kanuni ya mawimbi hutoa, kwa rundo la kawaida, kadiri ya sehemu 3 katika 10,000. Kwa vioo 200 Stokes hutoa karibu sehemu 6 katika 100, na mawimbi hutoa pungufu ya sehemu 1 katika 10,000,000. Hapana nuru iliyomezwa. Yote imerudi ilikotoka.

Hapa lugha yetu ina ushahidi wa ajabu. Sisi huita kioo kile cha dirishani kinachopitisha nuru, na tena huita kioo kile cha kujitazamia kinachoirudisha. Mgeni huona neno hili lina utata. Rundo la Bristol laonyesha kwamba vitu hivyo viwili havitengwi na mpaka mkali kama tudhanivyo: vioo vya dirishani vikipangwa vingi vya kutosha, bila hata kupakwa fedha wala zebaki, hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia.

Lakini kurudisha ni nusu ya habari. Ikiwa matabaka yaliyo mbele ni kioo cha kurudisha, na yaliyo nyuma vilevile, nuru iliyozaliwa katikati itakwenda wapi? Hukaa. Mwaka wa 2005 Valery Milner na Azriel Genack wa New York walipanga vioo vile vyembamba vya kufunikia vitu vya darubini, na kati yake wakatia rangi inayong'aa iitwayo rodamini. Nuru iliyotuama katikati ya matabaka ilikaa humo muda wa kutosha kujiongeza, hata ikatoka kama leza. Leza ya kawaida hutengenezwa kwa vioo viwili vilivyopangwa kwa uangalifu mkubwa. Hapa ukosefu wa mpango ulifanya kazi ya fundi. Mwaka huo huo Jacopo Bertolotti na wenzake katika Italia walitumia matabaka ya silikoni yenye vitundu, wakaona jambo alilolitabiri John Pendry mwaka wa 1987: kwa nadra sana vituo kadhaa vya nuru iliyotuama hujipanga kwa rangi moja, kimoja baada ya kingine kama shanga za kidani, na nuru ikapita toka mwanzo hata mwisho kana kwamba hakuna kizuizi.

Hata viumbe vina rundo la namna hii. Ngozi ya samaki wenye rangi ya fedha, wakiwamo wa jamaa ya dagaa wa baharini, ina matabaka ya fuwele za guanini yaliyotengwa na majimaji ya mwili, na unene wake haulingani. Kama matabaka yangelingana, samaki angeng'aa kwa rangi moja tu, kama fuwele za Rayleigh. Kwa kuwa hayalingani, hurudisha rangi zote pamoja, na ndiyo maana huonekana wa fedha. Thomas Jordan, Julian Partridge na Nicholas Roberts wa Bristol waliyachunguza matabaka hayo, na mwaka wa 2014 wakaeleza uhusiano wake na kanuni hii ya Anderson. Mvuvi anayemwaga wavu wake asubuhi hutazama, bila kuambiwa, kazi ya matabaka yasiyo na utaratibu.

Sasa tufike kwenye makosa, maana ndiyo yatakayoamua maneno. Mambo yalivyo katika matabaka sivyo yalivyo katika unga mweupe, ambamo nuru huweza kugeuka kila upande. Mwaka wa 1997 Diederik Wiersma na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba nuru imetuama katika unga laini wa galiamu na aseniki: nuru ipitayo ilipungua upesi kuliko msambao wa kawaida ungeruhusu. Mwaka wa 1999 Frank Scheffold na wenzake walijibu kuwa upungufu huo waweza kuletwa na jambo jepesi zaidi, yaani unga kuifyonza nuru kidogo. Nuru iliyomezwa ilidhaniwa kuwa imetuama.

Ili kuikwepa shida hiyo, kundi la Maret huko Konstanz, Ujerumani, lilipima muda badala ya kiasi. Nuru iliyofyonzwa haitoki tena; nuru iliyotuama hutoka ikiwa imechelewa mno. Mwaka wa 2006 walitangaza kwamba katika unga wa oksidi ya titani, ule ule wa rangi nyeupe, iko nuru iliyochelewa kupita kanuni ya msambao. Ushahidi ulionekana madhubuti, na vipimo vingine vya mwaka 2013 viliuunga mkono. Lakini mwaka wa 2016 Tilo Sperling, Maret na wenzao walichapisha wenyewe kwamba nuru ile iliyochelewa ilikuwa ya rangi nyingine: unga ulimeza nuru, ukakaa nayo, kisha ukatoa nuru mpya. Nuru iliyokawia ilidhaniwa kuwa imetuama. Heshima ya kundi hilo haikupungua kwa kusahihisha kazi yake, iliongezeka. Tangu 2014 Sergey Skipetrov na Igor Sokolov walikuwa wamekwisha kuonyesha kwa hesabu kuwa mtetemo wa nuru, ulio wa pande mbili na si mmoja, huenda ukazuia kutuama katika mawingu ya chembe ndogo. Mwaka wa 2023 Alexey Yamilov na wenzake, kwa hesabu kubwa za kompyuta, walionyesha kuwa chembe za metali zilizosongamana zaweza kufanya lile ambalo unga mweupe ulishindwa.

Basi tutumie neno gani? Kutega hakufai, kwa kuwa kutega kwahitaji mtegaji na nia. Kunasa ni bora zaidi, nalo ndilo linalomjia mtu kwanza. Twasema mtego umenasa, na twasema ndege amenasa. Lakini kwa upande wowote lazima pawe na kitu kinachoshika, iwe kitanzi, ulimbo au mwiba. Na katika habari hii kila tabaka ni angavu, wala hapana tabaka moja linaloshika. Kufunga kwaleta mlango na ufunguo. Kukwama kwakaribia, ila gari likikwama huwa limekutana na tope.

Napendekeza kutuama. Maji yaliyotuama hayakumezwa na ardhi, maana bado yapo. Wala hayakawii njiani, maana hayana safari. Tena hapana aliyeyashika. Yapo mahali pake kwa sababu ya umbo zima la mahali hapo. Hata kwa sarufi neno hili lafaa. Asili yake ni kutua, na ile -am- iliyoongezwa ndiyo tuionayo katika simama, inama na kwama, yenye maana ya kudumu katika hali fulani. Kutokana nalo twapata kutuamisha kwa sababu, mtuamo kwa jina la jambo, na urefu wa mtuamo kwa kipimo cha umbali ambao nguvu ya wimbi hupungua.

Pingamizi moja ni kwamba kutuama kwaleta fikira ya utulivu, na wimbi lililotuama bado latetemeka. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini maneno ya elimu hupunguzwa maana na kazi yake. Hata wimbi lenyewe lilikuwa la bahari kabla halijawa la nuru. Kisichotembea ni nguvu ya wimbi, si mtetemo wake.

Kipimo cha mwisho cha istilahi ni kama yaweza kusema ukweli uliokwisha kupatikana kwa taabu. Sema: mwaka wa 1997 nuru ilidhaniwa imetuama, na huenda ilimezwa. Sema: mwaka wa 2006 nuru ilidhaniwa imetuama, kumbe ilikawia. Sema: katika rundo la vioo nuru hutuama kweli. Sentensi hizo tatu hueleweka na mtu yeyote ajuaye Kiswahili, na kila moja ina maana yake peke yake. Jaribu kuziandika zote kwa kunasa, na tofauti iliyowachukua wataalamu karibu miaka 20 kuipambanua itapotea katika neno moja. Nayaweka maneno haya mbele ya wasomaji wayapime, na walio na neno bora walilete.